Usisome nambari ambayo fomu yake hujaiona

Mwanangu Mkamburi,

Tumesikia umehamishiwa dawati la siasa, na kwamba uchaguzi wa 10 Agosti 2027 utakukuta studioni. Baba yako ameshawaambia majirani wote. Nami nimefurahi, ila usingizi umepungua kwa jambo moja tu: nambari za kura.

Usisome hewani nambari ambayo Fomu 34A yake, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo, hujaiona kwa macho. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni fomu za vituo vya kupigia kura, na vituo vyote vilikuwa 46,229. Kila runinga ikajumlisha kivyake, basi huku Ruto anaongoza, kule Raila, watu wakaingiwa na hofu. Fomu walizotangulia kuingiza hazikuwa zilezile. Kwa hiyo ukisoma jumla, taja ni ya vituo vingapi na vya kaunti zipi.

Fomu nayo ikague. Jumlisha kura za wagombea wote, zilingane na kura halali zilizoandikwa chini. Kituo hakizidi wapiga kura 700. Ukiona mgombea amepata 412 na kompyuta inasema 912, mtu amesoma 4 kama 9. Tazama sahihi za msimamizi wa kituo na mawakala wa wagombea. Asilimia ipige kwa kura halali pekee, zilizokataliwa hazihesabiwi, Mahakama ya Juu iliamua hivyo 2013. Na mshindi hapatikani kwa kupita nusu tu, lazima apate pia angalau 25% ya kura katika kaunti zisizopungua 24.

Mhariri atakupigia kelele sikioni kwamba wenzenu wametangulia. Muulize fomu iko wapi. Wewe una haraka tangu utotoni, Mkamburi, na nimekusema sana.

Mwanahabari Linus Kaikai aliongoza mdahalo wa urais mwaka 2013. Januari 2018 runinga yake ya NTV ilipozimwa na serikali, alikesha ofisini na wenzake wakihofia kukamatwa. Yakikufika kama hayo kwa habari ya kweli, nitakuja Nairobi nisimame nawe. Kwa nambari ya kuokota nitakutetea kwa lipi? Fomu kwanza, mwanangu.

Dawa za presha za baba yako zinaisha Ijumaa. Tangi linavuja, fundi anasema ni koki, si tangi lenyewe, kwa hiyo tuma pesa ya koki tu. Mahindi yako, gunia moja, nimeyaweka kando.

Mama yako