Mashua Usiwape Watu Wengine

Malindi

Swahiba wangu,

Assalaam aleykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Ujumbe wako nimeupata. Wauliza kama wageni wako walioandika "put off" wamevunja safari, ili mashua uwape wengine. Jibu nalitanguliza: mashua usiwape watu wengine. Wale wageni hawajavunja safari ya Takwa, kwenye yale magofu ya kisiwa cha Manda. Wameandika "put off", yaani wanaiahirisha. Wangalitaka kuivunja wangaliandika "call off". Waulize tarehe mpya, nawe uwachagulie siku ya maji kujaa mchana. Habari za ule mkondo wa mikoko wa kuingilia Takwa mjuzi ni wewe.

Najua kilichokutatiza. "Put" ni kuweka, na "off" wewe umeizoea kwenye swichi ya taa. Ukizijumlisha hupati kuahirisha. Zitazame kama vitenzi vyetu: aliyemkimbia baba yake na aliyemkimbilia baba yake wote wako mbioni, ila silabi moja imewageuza njia. Kwa Waingereza kazi hiyo hufanywa na kale kaneno ka nyuma. Ukikaruka, umeiruka maana yenyewe.

Katika kuandika, wengi hukwama hapa. Safari ukiitaja kwa jina, "off" yaweza kuitangulia au kuifuata: "put off the trip", "put the trip off". Ukitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: "put it off". Usiandike kamwe "put off it". Na kitendo kikifuata huishia na -ing: "put off sailing", si "put off to sail".

Tena mgeni akikwambia "the smell put me off", hakuahirisha kitu. Harufu imemkata hamu. Hapo osha mashua, hasa kama asubuhi ilibeba samaki.

Iko maana nyingine ya kibaharia, nami naipenda sana. Katika Kiingereza cha zamani, chombo "kiki-put off" kinaondoka pwani. Neno lile lile humbakisha msafiri nyumbani na humtoa bandarini! Lakini wageni wako usiwaambie hivyo, watadhani umeahirisha. Kuondoka waambie "we set off".

Sasa wajibu hivi: "No problem, we can put it off until October. Which day suits you?", yaani hakuna tatizo, twaweza kuiahirisha hadi Oktoba, siku gani itawafaa? Mwezi huo upepo wa kusi utakuwa umepungua, na wenye kuogopa mawimbi watastarehe. Wapelekee leo leo, wasije wakapata nahodha mwingine.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Swahiba wa Malindi