Wazee wasome kwa sauti

Mhariri,

Mzee akianza kusema "nanihii" kila baada ya maneno mawili, nyumbani huambiwa uzee umeingia, basi. Mara nyingi neno lenyewe halijapotea. Maana anayo, kilicholegea ni njia ya kuitoa maana hiyo mpaka iwe sauti, na hulegea zaidi kwa maneno yasiyotamkwa muda mrefu. Majina ya watu hutangulia kugoma, kwa kuwa jina halina kisawe cha kuliokoa.

Kusoma kimyakimya huongeza msamiati hata baada ya miaka 60, ila kinywa hakishiriki. Mzee asome kwa sauti dakika 10 hadi 15, asubuhi, kabla hajachoka. Habari moja fupi yatosha. Akimaliza alikunje gazeti, asimulie: nani, wapi, kwa nini. Kisha aandike sentensi tatu kwa mkono bila kuchungulia. Kunakili hakusaidii sana, maana hakumlazimishi kulisaka neno. Aya aliyoihifadhi kwa ghaibu nayo humtuliza, lakini ulimi huitoa wenyewe bila kulisaka neno. Akikwama, mdokezee silabi ya kwanza, kisha nyamaza. Wajukuu ndio wagumu hapa: humalizia neno kabla babu hajafumbua kinywa.

Utafiti wa mwanasayansi David Snowdon kwa masista 678 wa Marekani, ulioanza 1986, ulionyesha kwamba waliokuwa wameandika wasifu wenye sentensi zilizosheheni mawazo wakingali vijana, walipatwa kwa uchache na matatizo ya kumbukumbu uzeeni. Haina maana kwamba kalamu ndiyo iliyowakinga. Huenda akili zao zilitofautiana tangu awali.

Wengi huacha kusoma kwa sababu ndogo tu. Miwani ni ya miaka kumi iliyopita, taa iko mbele ikimmulika machoni badala ya kutokea nyuma ya bega, au meno ya bandia yanacheza na kuharibu "s" na "z". Virekebishwe hivyo kwanza. Lakini usemi ukivurugika ghafla, mdomo ukaenda upande au mkono ukalegea, hicho huenda ni kiharusi: hospitali saa ileile, usingoje kesho.

Wazee waliofundishwa kusoma katika kisomo cha miaka ya 1970 wangali miongoni mwa wasomaji wako, na herufi zako zinawashinda. Tunaomba habari moja kila Jumapili kwa herufi za pointi 16, mistari ikiachana.

Wataalamu wa tiba ya usemi,
Dar es Salaam