Faiba tunaitaka, lakini kuta za Mji Mkongwe zisitobolewe ovyo

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme juu ya hii faiba, intaneti ya waya, inayoingizwa majumbani kwetu huku Mji Mkongwe, mana limenikaa rohoni tokea masika na kila nikipita vichochoroni naona nyumba nyengine imefanywa vile vile ilivyofanywa yangu.

Kwanza, mtu asisome barua hii akadhani napinga maendeleo. Faiba naipenda. Mie nakaa Kiponda, nyumba ya ghorofa mbili tuliyoachiwa na wazee wetu, tumo watu saba, mwanangu yuko Maskati na mjukuu wangu yuko chuo na masomo yake mengi ni ya video. Miaka yote tulikuwa tunaishi kwa bando, unatia asubuhi magharibi limeshakwisha, alafu hizi nyumba za mawe simu haishiki mpaka ukakae dirishani. Siku faiba ilipowaka niliongea na mwanangu saa nzima namuona uso wake haugandi hata mara moja, nikalia. Kwaiyo mimi ni katika wanaowashawishi majirani waungwe, na ndo mana nasema.

Kijana wa kampuni alikuja akakaa barazani, akaandika jina na nambari ya simu, akapokea pesa ya kuungwa akaenda zake. Hakuingia ndani. Hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi, ukuta una unene gani, nani anaitumia hiyo intaneti na anakaa chumba gani. Siku ya tatu wakaja mafundi wawili na ngazi na dreli kubwa, nikawaambia wanangu ingieni kwanza mnywe maji tuangalie pamoja pa kupitisha, mmoja akanijibu "Usijali bi mkubwa, tunapitisha hapa hapa ndo karibu", na mie sijamaliza kufungua mlango wa ukumbini nasikia dreli ishaanza.

Walitoboa ukuta wa mbele tundu linaloingia vidole viwili, kwa waya mwembamba kuliko kalamu. Kwa nje plasta ya chokaa ikapomoka kipande cha ukubwa wa sahani. Wakaziba kwa simenti. Alafu ule waya wakauzungusha kwenye kona ya mlango wangu wa mbele, ambao ni mlango wa kunakshi, wakapigilia vibanio vinne vya misumari kwenye mwimo. Mhariri, mlango ule marehemu babu yangu alikuwa akiupaka mafuta kwa mkono wake, sisi watoto tulikuwa tunakatazwa hata kuuegemea. Niliwaambia watoe ile misumari wakasema ikitoka waya utaning'inia.

Kisha ikaja mvua. Waya umetoka juu kwenye ukuta wa jirani ukashuka moja kwa moja mpaka tunduni, basi maji yanaufuata waya yanaingia nao ndani kama yaliyochimbiwa mfereji. Baada ya siku chache ukuta wa ukumbini ulikuwa umefura na rangi inabambuka. Na hili dawa yake ni ndogo sana, waya unashushwa kwanza chini ya tundu alafu unapandishwa, unafanya kitanzi, matone yanadondokea pale nje, na tundu lenyewe linatobolewa kwa kuinamia nje sio ndani. Kazi ya dakika mbili tu kwa anaejua na anaejali.

Labda wenzangu wa nyumba za matofali wataona tundu moja ni kitu gani. Kuta zetu hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na udongo na chokaa, unyevu unaingia na unatoka, ndivo zilivyodumu. Ukibandika simenti unaufungia unyevu ndani hauna pa kutokea, ule udongo unalainika na mawe yanaanza kulegea, na simenti kwa vile ni ngumu kuliko ukuta wenyewe inaachia ufa pembeni maji yazidi kuingia. Fundi yoyote wa chokaa wa hapa mjini atakwambia haya. Sote tuliona Beit al Ajaib, jengo la 1883, upande wake ulivyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Sisemi tundu la faiba ndilo linaloangusha nyumba. Nasema nyumba hizi zinachoka kidogo kidogo na maji ndo adui yake wa kwanza, na sasa tunayafungulia njia wenyewe, nyumba baada ya nyumba, kichochoro baada ya kichochoro.

Na hata hiyo faiba yenyewe haikunufaika na haraka yao. Kisanduku cha waifai walikiweka nyuma ya mlango kwasababu ndo karibu, mjukuu wangu anasoma ghorofa ya pili, baina yao kuna kuta za zaidi ya nusu mita na sakafu mbili za boriti, waifai ikimfika ilikuwa kijistari kimoja tena kinakuja kinapotea. Tumelipia mega 20 chumbani kwake hazifiki hata mbili. Hapa ndo utasikia watu barazani wanasema faiba uongo, bora bando, kumbe faiba imefika mlangoni salama usalimini ila imewekwa pahala ambapo hakuna anaekaa.

Haikupita muda taa ikawaka nyekundu, intaneti hakuna kabisa. Nikipiga simu naambiwa nizime niwashe. Nimezima nimewasha wiki mbili nzima mpaka wakamleta fundi mwengine, mtu mzima kidogo, Mungu ambariki. Yeye alitoa salamu, akavua viatu akaingia, akatoa kipimo chake cha mwanga akapima, kikasoma 29 chini ya sifuri, akanambia hizi mashine ikishuka kupita 27 chini ya sifuri haioni tena mwanga. Akanionesha kosa: ndani ya ule waya mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele na kinachopita humo ni mwanga, ukiukunja kona kali mwanga unavujia pale kwenye mkunjo haufiki mwisho, na waya wangu ulikuwa umekunjwa kwenye kona ya mlango, kila mlango ukifunguliwa unazidi kukandamizwa.

Kisha akaniuliza swali ambalo wale wa mwanzo walitakiwa waniulize: "Bibi, zamani simu ya mezani ilikuwa inaingilia wapi?"

Nikampandisha juu. Pale penye ngazi ya ghorofa ya kwanza lipo tundu la waya wa simu tokea enzi ya baba yangu, tulikuwa tumelisokomeza kitambaa panya wasiingie. Akapitisha kamba, akavuta faiba kwa kamba ile, akaiunganisha kwa mashine yake ndogo inayoyeyusha kioo kwa kioo, akakiweka kisanduku hapo kwenye ngazi katikati ya nyumba. Kipimo kikasoma 21 chini ya sifuri, mwanga umepanda. Juu inashika, chini inashika, mjukuu wangu anasomea chumbani kwake mlango umefungwa. Hata kijiwe kimoja hakikutobolewa na haikufika saa moja. Nyumba nyingi za huku zina matundu kama hayo, ya simu, ya antena za tivii, ya umeme wa zamani, yamekaa tu.

Jambo moja alinambia ambalo wenzangu wengi hawalijui, ile simu ya zamani ilikuwa inaleta umeme wake kwenye waya wake wa shaba, faiba haileti, umeme ukikatika na kisanduku kinazimika. Sisi tuliokaa gizani miezi mitatu tokea Disemba 2009 tunajua umeme ni nini, kwaiyo mwenye uwezo atafute kibetri cha volti 12 akichomeke hapo.

Sasa ninachokiomba. Kampuni zote zinazounga faiba, kabla hamjapokea pesa ya mtu ingieni ndani muone nyumba, muulize nani anaitumia na anakaa wapi, muoneshane na mwenye nyumba tundu litakuwa wapi kabla dreli haijatolewa kwenye begi. Panapotobolewa pazibwe kwa chokaa. Milango ya kunakshi isipigwe msumari, hata mmoja. Na mtu akihama kampuni waya wake wa zamani uondoshwe, mana kichochoro changu nimehesabu waya kumi na moja juu ya kichwa na tano najua hazina kazi tena, kila kampuni inavuta wake kama vile wenzake hawapo, wakati faiba moja inagawika kwa nyumba 32 kwa kile kigawanyio chao na ingetosha kichochoro chote.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe nao nawaomba kwa heshima zote. Sisi wenye nyumba tukitaka kubadilisha dirisha tunakuja kwenu kuomba kibali, na tunaona ni haki, mji huu uko kwenye urithi wa dunia tokea mwaka 2000. Basi na mwenye dreli nae awekewe utaratibu, karatasi moja ya kurasa mbili inatosha, yenye michoro, kila fundi aipewe kabla hajaingia mtaani na sheha awe na nakala yake. Na wanaojenga nyumba mpya huko Fumba, Tunguu na wenzetu wa Chake na Wete, tieni paipu ya faiba mapema kabla ya plasta, kama mnavotia ya umeme.

Ile misumari minne bado ipo mwimoni. Fundi wa milango amenambia nisiing'oe kwa nguvu, mti mkavu utapasuka, atakuja mwenyewe baada ya mvua. Tundu la mbele tumeshalichokonoa simenti yote tumelijaza chokaa, na kampuni yoyote inayotaka kuja kuona lilivyozibwa mlango wangu uko wazi, mafundi vijana nao waje, chokaa imebaki nusu ndoo.

Mkaazi wa Kiponda,
Mji Mkongwe, Zanzibar