Minyoo fundo kwenye nyanya: tuanzie kitaluni

Habari za jioni, ndugu wakulima. Picha mlizotuma jana za mizizi ya nyanya yenye vivimbe zimeniumiza. Vile vivimbe vinaletwa na minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoingia kwenye mizizi, si ukosefu wa mbolea, kwa hiyo tusiendelee kumwaga urea.

Tutumie mbegu za mwarobaini: twanga nusu kilo ya mbegu kavu, loweka usiku kucha kwenye lita 10 za maji, chuja, mwagia shinani. Fanya jioni, maana jua huua nguvu yake haraka. Ukipata mashudu ya mwarobaini (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), changanya na udongo kabla ya kupandikiza. Binafsi naona hayo ndiyo bora, kwa sababu hukaa ardhini muda mrefu kuliko maji ya mwarobaini.

Tafadhali, mche wenye vivimbe usiupeleke shambani. Dawa hii hupunguza minyoo, haiponyi mzizi uliokwisha kuvimba. Ng'oeni na kuchoma.

Wenye maharage, msifananishe vitu hivi viwili: vinundu vya naitrojeni, ambavyo ni vya kawaida na vina faida kwa maharage, hubanduka kwa kidole, vivimbe vya minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa.

Nani ana mbegu za mwarobaini za kugawana? Aandike hapa kiasi alichonacho.