Malipo yasipoonekana, tusikimbilie kulaumu mtandao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mifumo ya mauzo ambayo wenye maduka wa Kariakoo, Manzese na kwingineko jijini wanawaagiza vijana wa programu wawatengenezee. Mteja analipa kwa simu, meseji ya kukatwa pesa inaingia, lakini kompyuta ya duka haioni kitu. Akiulizwa fundi, jibu ni lilelile: mtandao unasumbua. Kuna siku ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, ujumbe wa malipo umefika salama na programu ndiyo iliyoshindwa kuusoma.

Mifumo mingi ya namna hii huandikwa kwa Python, lugha ya programu, na hilo si baya, maana maktaba (programu saidizi zilizokwisha kuandikwa) za kusoma JSON na XML, yaani miundo ya kupanga taarifa ndani ya ujumbe, zipo tayari na ni imara. Ubaya ni kudhani maktaba inamaliza kazi yote.

Chukua soketi, yaani mlango ambao programu hupokelea na kutumia data mtandaoni. TCP, kanuni ya usafirishaji iliyo nyuma yake, haijui ujumbe unaanzia wapi na kuishia wapi; kazi yake ni kupeleka mfululizo wa baiti kwa mpangilio. Anayeandika recv(4096), amri ya kupokea, ameomba baiti zisizozidi 4,096. Anaweza kupewa 200, au ujumbe mmoja pamoja na kipande cha unaofuata. Kwenye majaribio, pande zote mbili zikiwa ndani ya kompyuta moja, ujumbe mfupi hufika mzima karibu kila mara, na kijana anaamini kazi imekwisha. Kwenye laini halisi pakiti kwa kawaida haizidi baiti 1,500, kwa hiyo ujumbe wa baiti 2,000 husafiri vipande vipande. Kikisomwa kipande cha kwanza peke yake, json.loads, amri ya kufungua JSON, inagoma, na malipo yanaishia hapo.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama. Kila ujumbe utanguliwe na baiti 4 zinazotaja urefu wake, zikifungwa kwa amri ya struct.pack('!I', urefu). Mpokeaji asome hizo 4 kwanza, kisha azunguke na recv mpaka idadi iliyotajwa itimie. Alama ya mshangao isiachwe: bila hiyo, mashine zetu nyingi hupanga baiti kinyume, na upande wa pili ujumbe wa baiti 300 utasomeka kuwa wa baiti 738,263,040. Wekeni na kikomo, tuseme megabaiti moja, ili mtu asitaje urefu wa gigabaiti nne na kuiangusha seva. Na recv ikirudisha kitu kitupu, maana yake upande wa pili umefunga; asiyekagua hilo ataacha programu ikizunguka bure mpaka kompyuta ichemke.

Urefu huo ni wa baiti, si wa herufi. Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida na kosa hukaa miezi bila kuonekana. Halafu siku moja anakuja mteja wa Chang’ombe. Kibodi ya simu ikiweka ile alama iliyopinda, neno hilo lina herufi 10 lakini katika UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti, ni baiti 12. Aliyezima ensure_ascii (mpangilio unaoandika herufi zisizo za kawaida kwa msimbo) ili maandishi yasomeke vizuri, kisha akahesabu urefu (len) wa maandishi kabla ya kuyageuza kuwa baiti (encode), atapungukiwa baiti mbili za mwisho. Baiti hizo mara nyingi ndizo alama ya kufunga nukuu na mabano ya JSON, na ujumbe mzima unaharibika kwa sababu ya anwani.

Wanaopitia HTTP, njia inayotumiwa na tovuti, kwa maktaba ya Requests wameepushwa na hayo yote, ila wana mtego wao: Requests haina kikomo cha kusubiri usipoiwekea. Andika timeout=(5, 30), yaani sekunde 5 za kuunganisha na 30 za kusubiri jibu. Muda ukiisha, usihitimishe kwamba malipo hayakufanyika, maana huenda yalifanyika na jibu ndilo lililokwama njiani. Ukituma tena kwa namba mpya ya kumbukumbu, mteja anaweza kukatwa mara mbili. Tumia namba ileile, na kwenye kanzidata iwekee sharti la kutojirudia. Kuuliza kwanza kama ipo ndipo uandike hakutoshi, kwa kuwa jumbe mbili zikiingia kwa pamoja zote zitajibiwa haipo.

Mengine kwa kifupi. Namba ya simu itunzwe kama maandishi, la sivyo sifuri ya mbele inapotea. Kiasi cha pesa kisomwe kwa parse_float=Decimal, inayotunza desimali kamili; Python ikizidisha 1.1 kwa 3 kwa njia ya kawaida hutoa 3.3000000000000003. Saini ya ujumbe, yaani alama ya kuthibitisha mtumaji, ihakikiwe juu ya baiti zilezile zilizopokelewa, kabla ya kuzifungua, kwa sababu json.dumps, amri ya kuandika JSON upya, huongeza nafasi baada ya koma na nukta pacha na saini haitalingana tena. XML kutoka nje isomwe kwa defusedxml, maktaba inayozuia XML yenye hila. Na pickle, njia ya Python ya kuhifadhi na kufungua data, isipokee kitu chochote kutoka mtandaoni, kwani inaweza kuendesha amri za mtumaji.

Kwa mwenye duka asiyejua programu, ombi langu ni moja: usimalize kulipa fundi kabla hajakuonyesha majaribio matatu. Atume malipo yaleyale mara mbili. Atume ujumbe uliokatwa katikati, asubiri sekunde mbili, ndipo amalizie kipande kilichobaki. Kisha atume wenye neno Chang’ombe lenye alama iliyopinda. Kitabu cha mauzo kionyeshe mistari mitatu, si minne wala miwili.

Mdau wa programu,
Sinza, Dar es Salaam