Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: naitrojeni yetu imeishia stoo

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, shikamoo.

Naandika hadharani kwa sababu kwenye lile benchi la nje ya ofisi yako nimeshakaa mpaka sekretari ananiita mjomba. Naomba radhi kwa hilo.

Jumanne asubuhi stoo wamefungua mlango, mtungi mtupu. Lita 10 za naitrojeni ya kimiminika, ya kupozea mota ya mradi wetu, tulizochangishana wanafunzi wanne, mimi nikauza na simu, tukazifuata kwa watu wa uhimilishaji wa ng'ombe, nikapakata mtungi kwenye gari madirisha wazi njia nzima maana ile kitu lita 1 ikigeuka hewa inakuwa karibu lita 700, mnaweza kukosa pumzi humo ndani mkalala moja kwa moja. Tumefika Ijumaa mchana, tunaambiwa haitoki stoo bila saini yako. Haya. Mtungi wenyewe mkuukuu, vakyumu yake ya kuzuia joto lisiingie imeshakufa, na naitrojeni inachemka kwenye nyuzi -196, haijui wikiendi, haijui kama mkuu yuko semina.

Mzee, ni wewe mwezi wa pili ulisimama mbele ya wageni ukasema vijana wetu hapa wanatengeneza mota ya kesho. Tukapiga makofi sana. Mota ya kesho mpaka leo naizungusha kwa kidole. Rota yake, ile sehemu inayozunguka, ina vipande vya YBCO, aina ya kauri, na YBCO bila baridi ni kigae cheusi tu, hata kufunikia chungu haifai. Ishushe chini ya nyuzi kama -181 ndo inakuwa supakondakta, ukinzani wa umeme unapotea. Shaba ukiilazimisha umeme mwingi inachemka mpaka koili inaungua, ila waya wa supakondakta wa unene uleule unabeba mara nyingi zaidi, ndo maana mota inapungua mwili nguvu ikibaki palepale.

Na yule mjumbe wa kamati aliyesema haya ni mambo ya kwenye makaratasi, mwambie Wamarekani mwaka 2009 walishajaribu mota ya hivi ya kusukuma meli za kivita, megawati 36.5, uzito wake haufiki nusu ya ile ya shaba. Sisi yetu inakaa kwenye ndoo.

Kwa nini hukusaini sijui. Labda fomu ililaliwa na mafaili, labda kuna mtu kakutisha kwamba inalipuka, wengine wanasema eti hela ya maabara imekuwa zulia la ukumbi, mi simo.

Mtahini anakuja Alhamisi ijayo. Tumekopa tena, mzigo unafika Jumatano. Siombi hela, siombi mtungi mpya (japo Mungu anauona ule wa sasa), naomba saini, na safari hii itangulie naitrojeni. Fomu iko kwa sekretari, juu kabisa, nimeibana na klipu nyekundu.

Saini tu, mzee.

Mimi wa kwenye benchi.