Kaka, usiipeleke injini kwenye mashine ya presha

Kamwene kaka,

Habari za Mafinga, shemeji na watoto hawajambo? Huku Uyole tuko salama, baridi imeanza kupungua na viazi ndo vinatoka kwa wingi. Meseji yako ya gari nimeiona, kwamba ukipanda mlima inanukia oili iliyoungua, ukifungua boneti kote tope jeusi, alafu Jumamosi unataka uwapelekee vijana wa kuosha magari waipige mashine ya presha ndo fundi aangalie. Naomba usubiri kwanza. Nimeona nikuandikie kirefu maana kwa simu utasahau nusu.

Kuosha umewaza vizuri kabisa. Injini ikishafunikwa na uchafu hata fundi hodari anabahatisha tu, atakuambia ni gasketi ya tapeti kava (ule mfuniko wa juu ya injini) kumbe ni oili sili, ile raba inayozuia oili pale shafti inapotokea, unanunua kifaa unafungua injini na oili inaendelea kuvuja. Mimi naogopa ile presha. Maji yale yanasukumwa mpaka yanapenya kwenye raba za soketi za waya, sehemu ambazo mvua ya Tukuyu ya kutwa nzima haiingii. Na Toyota IST yako koili, zile zinazozipa plagi umeme, zimekaa juu, kila plagi na yake, maji yakishuka kwenye lile shimo la plagi hayana pa kutokea, unawasha gari inatetemeka, taa ya injini inawaka. Jirani yangu yalimkuta hayo, ikabidi fundi achomoe koili zote akaushe moja moja.

Alafu wewe una jambo ambalo sisi huku hatuna, vumbi la mbao. Unapita kwenye viwanda vya mbao kila siku, ule unga unanasa kwenye oili inayovuja, unajijenga kidogo kidogo, na ukifika kwenye ekzosi pale inapotokea kwenye injini, kaka zile ni kuni zimelowekwa oili. Ekzosi gari ikiwa na mzigo mlimani inafikia nyuzi joto mia kadhaa. Kwahiyo hiyo harufu usiizoee, na mpaka uioshe hata safari ya kushuka Kitonga na familia naomba uiahirishe.

Fanya hivi nyumbani. Jumamosi hiyo hiyo, injini ikiwa imelala usiku mzima, anza kama saa nne jua likishatoka ili ipate muda wa kukauka, ukianza jioni ukungu utakukuta. Injini ya moto usiimwagie maji ya baridi, chuma kinaweza kupata ufa na wewe mwenyewe mvuke utakuunguza. Kabla ya maji toa uchafu mkavu kwa mkono, hasa majani ya paini yaliyojaa pale chini ya waipa, yale yanaziba matundu ya kutolea maji. Angalia vizuri na kona za nyuma kama panya hawajajenga, baridi ya kwenu wanapenda sana joto la injini na wakishakaa wanatafuna waya.

Betri fungua kichwa cha hasi, ule upande wenye alama ya kutoa, spana namba 10 inatosha. Anza na hasi kwasababu bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi, ukianza na chanya alafu spana ikagusa bodi inapiga cheche. Kurudisha ni kinyume chake, hasi inakuwa ya mwisho. Saa ya redio itafutika, hiyo isikutishe.

Sasa funika oltaneta (ile inayochaji betri), fyuzi boksi, eya klina na mdomo wake unaovuta hewa, koili, na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, kama iko upande huo. Mifuko ya nailoni ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 kwahiyo tunza ile ya mikate, funga na raba au selotepu. Hakikisha mfuniko wa oili umekaza na dipstiki ya kupimia oili imezama mpaka mwisho. Kama unamsaidia mtu mwenye gari la haibridi mwambie zile nyaya nene za rangi ya machungwa asiziguse kabisa, ni umeme mkubwa.

Usitumie petroli. Najua mafundi wengi wanaitumia na inatoa oili haraka, lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini, na shemeji anaweza kuwa na jiko la mkaa hapo uani hata hamjakumbuka. Dizeli nayo inalainisha mipira na mikanda. Chukua digrisa ya dukani, ile dawa ya kutoa oili na grisi, ukikosa sabuni ya maji ya vyombo na maji ya uvuguvugu, brashi ya kupakia rangi na mswaki wa zamani. Paka, acha kama dakika 10 lakini isikaukie, sugua, hasa kwenye mshono wa tapeti kava na chini yake, hapo usiwe na haraka, rudia mpaka uone chuma. Kusuuza tumia chupa yenye matundu kwenye kizibo au kitambaa kilicholowa. Maji kidogo tu, kazi kubwa iwe ya brashi.

Yale maji machafu usiyaache yaende kwenye bustani wala mfereji unaoshuka mtoni. Tandaza unga wa mbao chini ya gari kabla hujaanza, unanyonya oili vizuri, huko kwenu unapatikana bure. Ukimaliza uzoe uweke kwenye debe lenye mfuniko mbali na nyumba, na usiuchochee jikoni.

Futa na kitambaa, toa mifuko yote (ule wa eya klina ndo watu wanausahau, gari inakosa hewa), acha boneti wazi juani masaa mawili au zaidi. Kuna watu watakushauri upake dizeli mipira ing'ae, usikubali, vumbi la mbao litanasa upya wiki hiyo hiyo. Rudisha betri, washa, iache inaunguruma dakika kama 10 bila kuondoka, usikilize. Ikitetemeka zima, usiilazimishe, subiri ipoe, chomoa koili uangalie kama kuna maji kule chini.

Ikitulia endesha siku mbili tatu alafu fungua boneti na tochi. Oili ikianzia juu na kushuka pembeni basi ni gasketi ya tapeti kava, bei yake ndogo na haichukui muda. Ikitokea upande wa puli ya chini kule kwenye mikanda hiyo ni sili, kazi kubwa kidogo. Ukiona tu chini kumelowa na juu kukavu, angalia filta ya oili na nati ya kumwagia oili kama vimekaza. Piga picha unitumie kabla hujanunua kitu chochote, na cheki kiwango cha oili kila asubuhi mpaka hapo tutakapojua inapotokea.

Msalimie sana shemeji.